Tupeane uzoefu: mliokuwa jirani na viwanja wakati wa CHAN, maandalizi yaliwafikiaje? Arusha tunasubiri AFCON 2027

Mkazi wa Olmoti
Wakuu, habari za jioni. Tangu CAF, shirikisho la soka la Afrika, itangaze tarehe 27 Septemba 2023 kwamba Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa pamoja, maisha huku Olmoti yamebadilika. Uwanja wa watu 30,000 unajengwa, malori ya kifusi hayaishi, vumbi mpaka ndani ya kabati, na vyumba vilivyokosa wapangaji sasa vinagombewa. Mimi ni dereva wa bodaboda, mke wangu anapikia mafundi wa ujenzi.

Habari za viti na nyasi tunazisikia kila siku. Ninachotaka ni kile kisichotangazwa: nyinyi mliopitia CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, mtu wa kawaida aliyekuwa jirani na uwanja aliambiwa nini, na aliambiwa lini? Mliokuwa getini, jikoni na barabarani, karibuni.

Mama Ntilie wa Keko
Salaam wadau. Sisi wa kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, watu elfu sitini hawatutishi, Simba na Yanga wametuzoesha. Siku ya dabi naweka meza yangu karibu na ukuta na nauza mpaka wali unakwisha. Nikajua CHAN itakuwa vilevile. Kumbe mechi ya CAF ina eneo lake la usalama, na ndani ya eneo hilo hauzi mpaka uwe na kibali. Taarifa imetufikia mechi ya ufunguzi iko mlangoni, nyama imeshanunuliwa, mchele umeshachambuliwa.

Tulichofanya, tuliingia njia za ndani za Keko na Chang'ombe, kule watu wanakoshuka daladala na kuanza kutembea. Siku ile Taifa Stars wamewafunga Burkina Faso 2-0, watu walitoka na furaha na njaa. Sufuria zangu zilirudi tupu. Lakini mwenzangu mmoja alibaki palepale alipozoea, akaondolewa, chakula kikalala. Ule ulikuwa mkopo wa kikoba. Bado naumia nikimkumbuka, maana taarifa ya wiki moja tu ingemwokoa.

Geti la Kasarani
Nawasalimu kutoka Nairobi. Nilikuwa kati ya vijana wa kuelekeza mashabiki uwanja wa Kasarani.

Kwanza mjue Wakenya tulikuwa na kiu ya miaka. AFCON ya 1996 ilikuwa yetu, ikaponyoka ikaenda Afrika Kusini. CHAN ya 2018 pia CAF ilitunyang'anya kwa sababu viwanja havikuwa tayari, ikapelekwa Morocco. Kwa hiyo Januari 2025, mashindano yalipoahirishwa kutoka Februari hadi Agosti, mtaani kwetu watu walisema tu, "Haya, yameanza tena." Halafu tarehe 3 Agosti Harambee Stars wakawapiga DR Congo 1-0. Kuanzia hapo kila mtu alitaka kuingia Kasarani, na nawaelewa kabisa.

Tiketi zilikuwa za simu. Mtu anafika getini, mtandao umelemewa, tiketi haifunguki, na nyuma yake foleni inasukuma. Pembeni kuna wasio na tiketi wanaotafuta mwanya. Sisi wengi tulifundishwa darasani, geti lenyewe tukalijua siku ya kazi. Siku tuliyocheza na Morocco, mchezaji wetu Ryan Ogam alipofunga lile bao, mimi sikuliona. Nilisikia uwanja ukilipuka nikiwa nimemshika mkono mtoto aliyepoteana na babake kwenye msukumano. Alikuwa anatetemeka. Tulikaa naye mpaka baba akapatikana.

Baadaye CAF ikaitoza Kenya faini, na mechi ya Zambia ikaruhusiwa mashabiki 27,000 pekee. Lawama nyingi ziliwaangukia mashabiki. Sikubali. Tiketi ikaguliwe mbali na geti, kabla foleni haijabana, na vijana wa kazi wafanyie mazoezi palepale uwanjani watu wakiwa wamejaa. Ndugu zetu wa Arusha, uwanja ukiisha daini mechi kubwa za majaribio.

Jirani wa Amaan
Unguja hatukuona vumbi la ujenzi, maana uwanja wetu wa Amaan ulishakarabatiwa na kufunguliwa upya Disemba 2023. Nafanya kazi nyumba ya wageni. Kilichonishika moyo ni Wasudani. Kwao vita tangu Aprili 2023, na timu yao ikaja hapa ikaifunga Nigeria 4-0. Usiku ule wageni wetu wa Kisudani walilia barazani, watu wazima, na majirani wakatoka na kahawa na halua wakakaa nao. Hilo halikuwemo kwenye ratiba yoyote ya maandalizi.

Boda wa Bweyogerere
Hapa Namboole, kwenye uwanja wa Mandela karibu na Kampala, njia za kwenda uwanjani zilifungwa, abiria akawa anashuka mbali. Wazee wa stage yetu, yaani kijiwe chetu cha boda, hawakungoja, walikwenda wenyewe kuongea na polisi, tukaonyeshwa pa kuegesha. Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, walipigwa 3-0 na Algeria siku ya kwanza, lakini sisi kazi tulipata. Boda wa Olmoti, nendeni mkiwa stage nzima. Ukienda peke yako utafukuzwa tu.

Mkazi wa Olmoti
Asanteni sana, hasa wewe wa Kasarani, nimekusoma mara mbili. Mama wa Keko, hicho kibali wenzako waliokipata walipitia wapi?

Mama Ntilie wa Keko
Baba, niliowaona nacho walikwenda kama kikundi kilichosajiliwa, wamepima afya, wakaanzia ofisi ya serikali ya mtaa mapema, wakati sisi tumelala. Shemeji aanze na kupima afya na kutafuta wenzake wa kuaminiana, hayo hayangoji uwanja uishe. Karatasi walizodaiwa nitamuuliza mmoja wao kesho sokoni, nikuandikie hapahapa ili na wengine waone.