MJADALA: Siku ya Tamaduni chuoni, kwa nini fomu iulize kabila?

Mwanzisha mada (Unguja)

Assalaam alaykum, na wasiosalimiwa hivyo nao habari zenu.

Kuna kikundi cha wanafunzi, katika chuo kimoja hapa Unguja, kinachoandaa Siku ya Tamaduni: mabanda, vyakula, ngoma, kisha jioni saa moja ya mazungumzo. Fomu ya mwaka huu imeshatoka. Baada ya jina na fani kuna mstari unaosema "Kabila au nchi". Ukijaza Mnyakyusa unapelekwa banda la Bara. Ukijaza Mhindi, banda la India. Ukijaza Mpemba una banda lako, na unatakiwa uje na msewe, ngoma ya Pemba. Mjadala nimeuleta huku nje kwa sababu ndani ya chuo umeshageuka ugomvi wa mtu na mtu, na suali lenyewe si la chuo peke yake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Siku iendelee, mstari ule ufutwe, na mabanda yapangwe kwa namna nyengine.

Serikali yenyewe haituulizi kabila. Sensa ya mwisho Tanzania kuandika kabila la mtu ni ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, ikauliza mpaka choo cha namna gani na kuni au gesi, lakini kabila haikugusa. Kikundi cha wanafunzi kinalitafutia nini?

Halafu suali hilo kwetu lina historia yake. Wakati wa Muingereza watu waliandikwa kwa asili, na siasa nazo zikapita njia hiyo hiyo: jumuiya ya Waarabu, ya Wahindi, ya Waafrika, ya Washirazi. Hata chama cha Afro-Shirazi cha 1957 kilitokana na jumuiya mbili za aina hiyo kuungana. Juni 1961, wakati wa uchaguzi, ghasia zilizuka na watu 68 wakauawa. Msinilishe maneno: sisemi banda la pilau litaleta ghasia. Nasema mzee aliyeziona siku zile akiiona fomu kama hii hatacheka, na wazee hao ndio babu na bibi za hawa hawa wanaojaza.

Jengine ni kwamba kazi yenyewe haifanyiki. Taarab inakaa banda gani? Kanuni na udi mutavipeleka kwa Waarabu, fidla kwa Wazungu, na zile tuni za filamu za Kihindi kwa Wahindi? Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliimba Kiswahili na Kiarabu na Kihindi pia, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Mpangeni basi. Mtamkata vipande.

Naomba michango. Matusi hapana.

Mchangiaji, mwanafunzi kutoka Mbeya

Kaka, nakuheshimu, ila hapa umeongea kama mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni.

Mimi ni Mnyakyusa na nasema kwa raha zangu. Kwetu kabila siyo kidonda. Kuna utani: Mnyamwezi anaweza kuingia kwenye msiba wa Mzaramo akamsema marehemu kwa ubahili wake na watu wakacheka huku wanalia, hakuna anayekasirika. Huko ndiko nilikolelewa. Nimefika hapa, mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kwetu tunakula nini, tunazika vipi, tunaoa vipi. Nilichoulizwa ni kama nimesilimu, na nikipita baadhi ya vichochoro naitwa chogo, jina la dharau kwa mtu wa Bara. Siku ya Tamaduni ndiyo siku pekee niliyosimama nyuma ya meza, watu wakapanga foleni kunisikiliza mimi. Sasa unataka kuifuta hata hiyo?

Historia ya 1961 ni yenu na naiheshimu. Lakini siyo kila mtu kaja na historia hiyo kwenye begi.

Mchangiaji, Wete

Mie nna langu dogo. Kila mwaka Mpemba anaambiwa alete msewe, afunge njuga miguuni aruke, watu wapige picha. Ngoma ya kibati haitakiwi, kwa sababu maneno yake yanakwenda mbio na mgeni hafahamu. Mchezo wa ng'ombe hauletiki. Halua ikiletwa inamalizika kabla ya hotuba. Basi ndiyo Pemba hiyo.

Jioni kwenye mazungumzo hayaulizwi ya maana. Kwa mfano: kwa nini mwanafunzi wa Kipemba akikataa kukopesha simu yake aambiwe "Mpemba tu huyo", na akifaulu mtihani aambiwe karogewa? Hilo ni la utamaduni pia. Nalo halina ngoma.

Mchangiaji, mzazi, Michenzani

Vijana, mimi nina mtoto wangu hapo. Mnagombana juu ya mabanda wakati mimi naona jukwaa. Mwaka jana wasichana na wavulana walicheza pamoja usiku, spika zinapiga mpaka saa nne, wengine nguo zenyewe za kustiriana kwa shida. Na kuna mtu kapeleka unyago jukwaani! Unyago ni wa ndani, wa wanawake na kungwi wao. Mkiuweka mbele ya wanaume wenye simu si utamaduni tena, ni tamasha.

Najua mtanijibu Bi Kidude alipiga msondo, ngoma ya unyago, majukwaa ya dunia nzima mpaka alipofariki 2013. Bi Kidude alikuwa mtu mzima anayejua anachokitoa na anachokibakisha. Mtoto wa mwaka wa pili hajui.

Mwanzisha mada

Mama, jambo la unyago nakubaliana nawe moja kwa moja na nitalipeleka. La kucheza pamoja, vijana wanaweza kulipangia utaratibu wao, na sidhani linaifuta siku nzima.

Ndugu yangu wa Mbeya, maneno yako yamenigusa zaidi kuliko mengine. Lakini yasome tena. Unachokisifu ni watu kupanga foleni kukusikiliza. Si jina la banda. Na neno uliloitwa kichochoroni, kuna mtu alilizungumza jioni ile? Nilikuwepo. Saa ile moja ilikuwa ya mgeni rasmi, shukurani kwa mdhamini, na maswali mawili: moja la nauli, jengine la lini chakula. Banda limekupa meza, halafu likawaruhusu waliokuita chogo waje wale chakula chako, waondoke wakijiona wamekwisha kukukaribisha.

Mchangiaji, mjumbe wa kamati ya maandalizi

Mimi nimo kwenye kamati, kwa hiyo nipigeni mawe taratibu.

Fomu hatukuitunga kwa siasa. Tuliirithi. Mdhamini anataka picha zenye bendera na mavazi. Ukumbi tunapewa kwa saa chache na lazima tuukabidhi msafi. Na tuwe wakweli: tukitangaza "mdahalo kuhusu ubaguzi" wanakuja watu wa siku zote, wengi wao wajumbe wa kamati. Tukitangaza sindimba, ngoma ya Wamakonde, ukumbi hautoshi. Mnataka tufanye mdahalo mbele ya viti?

Isitoshe, wigo umeongezeka. Tangu 2023 kuna tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, hapa Bweleo, lina wanafunzi wa kutoka India. Kuna Wachina, kuna Wajerumani wanaokuja kusoma Kiswahili. Hawa bila neno "nchi" tutawapanga vipi?

Mchangiaji, Wilaya ya Kati

Nitakujibu mimi wa kamati, kwa upole.

Babu yangu ni Mmakonde, alivuka kuja kupalilia mashamba. Baba kazaliwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma skuli za hapa na madrasa ya hapa, nyumbani tunapika wali wa nazi na kisamvu, na sindimba naijua kwa sababu shangazi zangu wanaicheza harusini. Nimejaza "Mmakonde" nikapelekwa banda la Bara, mahali nilipowahi kufika mara chache sana, kwa boti ya kwenda kutibiwa. Nikafuta nikaandika "Mzanzibari", nikaambiwa hilo si kabila, chagua. Kama ningejaza Mtumbatu, kabila la hapa hapa, kusingekuwa na tabu.

Sasa mnanambia fomu haina siasa.

Mchangiaji, Makunduchi

Nyinyi nyote mumesahau kuwa sisi tunayo siku ya namna hiyo, na haikuundwa na kamati. Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila Julai. Haianzi kwa chakula. Inaanza kwa watu wa upande huu na wa upande ule kutwangana kwa vigomba, mwenye la moyoni analitoa, kisha kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba, ndiyo watu wakala. Na asili yake inasemwa ni Nairuzi ya Waajemi, lakini nendeni mkamwambie mzee wa Makunduchi kuwa ile ni ngoma ya wageni muone.

Na mgeni anatakiwa siku ile. Nyumba bila mgeni ni aibu.

Fimbo sitaki muzipeleke chuoni, maana nyinyi mutauana.

Mchangiaji, mwanafunzi kutoka Mbeya

Hiyo ya Makunduchi nimeipenda. Hata utani wetu ndiyo hivyo hivyo, lawama kwanza halafu pombe... samahani, halafu chai.

Nakubali hoja ya dada wa Wilaya ya Kati, sikuwa nimeifikiria. Lakini bado nang'ang'ania kitu kimoja: msije mkafuta makabila, mkaweka "utamaduni wa Zanzibar", halafu mimi nikawa sina pa kusimama kabisa. Hiyo mimi nimeiona. Ukiambiwa sote ni wamoja, angalia ni chakula cha nani kipo mezani.

Mwanzisha mada

Hapo umepiga penyewe, na ndipo nilipotaka tufike.

Pendekezo langu ni mabanda ya mambo badala ya mabanda ya watu. Banda la harusi. Banda la msiba. Banda la mtoto akizaliwa. Banda la michezo, mwenye bao na bao, mwenye nage na nage. Chukueni harusi. Anasimama wa Pemba anaeleza posa inavyopelekwa na nani anazungumza. Dada wa Wilaya ya Kati anaeleza shangazi zake wanavyoingia na sindimba baada ya nikaha ya Kiislamu, na hakuna anayemuuliza ni wa banda gani. Wewe wa Mbeya unaeleza ng'ombe wa mahari wanavyohesabiwa na wanavyogombewa. Yule mwanafunzi wa India wa Bweleo anatueleza ya kwao, na papo hapo tutaona kuwa hina na singo za kwetu wanazifahamu vizuri, au wana zao. Asili ya mtu itatoka yenyewe, kwa kinywa chake na kwa kiasi anachotaka. Fomu haina haja ya kuichimba.

Na mazungumzo yaondoke jioni. Yaingie ndani ya mabanda. Banda la msiba, mtu ataeleza wanavyozika, mwengine atauliza kwa nini Mkristo wa hapa anazikwa bila majirani wengi kufika, na hapo mdahalo umeshaanza bila kutangazwa. Hofu ya viti vitupu inakwisha, kwa sababu watu wameshakuja kula.

Mdhamini wa picha atapata picha. Bibi harusi wanne wa namna nne wanapendeza kuliko bendera.

Mchangiaji, mzazi, Michenzani

Hapo kwenye harusi mimi nitakuja. Lakini nani atasimamia mahari isigeuke kejeli? Wasichana wengine mahari zao ni msahafu na juzuu, wengine ng'ombe, wengine milioni. Watoto watachekana.

Mchangiaji, Wete

Wacha wachekane, mama. Mwaka mzima wanachekana kwa siri.

Mie siridhiki na jambo moja tu. Banda la harusi nalo litageuka kuwa la Mjini, kwa sababu watu wa Mjini wana nguo nzuri na wanajua kushika maikrofoni. Nataka kamati iseme mapema nani anazungumza na kwa dakika ngapi. Pemba tusiwekwe mwisho wakati maikrofoni imekwisha betri.

Mchangiaji, mjumbe wa kamati ya maandalizi

Nimeyachukua. Si yote yatapita. Mwenyekiti wetu anazipenda bendera kwa moyo wote, na fomu zilizokwisha jazwa ni nyingi. Ninachoweza kuahidi ni kwamba Alhamisi baada ya alasiri nitaomba mstari wa kabila ufutwe kwenye fomu zilizobaki, na banda la harusi lijaribiwe mwaka huu pembeni ya mabanda ya zamani. Msiba nauacha kwanza, naogopa.

Kwa banda la harusi ninaye wa Pemba, ninaye wa Mbeya kama hajakasirika, na dada wa Wilaya ya Kati ikiwa atakubali. Sina Mngazija, mtu wa Ngazija huko Komoro. Namtaka mtu wa kutueleza ile harusi yao kubwa ya ada, ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa na wajukuu. Mwenye kumjua mzee anayependa kusema, amwambie.

Mchangiaji, Wilaya ya Kati

Nitakuja. Shangazi wawili nitakuja nao, na ngoma zao wenyewe. Spika zenu zizimeni.