Mjadala: Dripu ya kuotesha seli za ubongo, mama yako ungempeleka?

Kibubu: Mama mkwe amefika pale pa kuficha chumvi chini ya godoro na kuniita Salimu, marehemu kaka yake. Nasoma kwamba Chuo Kikuu cha Arizona, timu ya Roberta Brinton inajaribu kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia (maradhi ya kusahau ya uzeeni), dawa ya alopregnanoloni, steroidi ambayo ubongo wenyewe huitengeneza. Dripu ya nusu saa kila wiki, ati seli mpya ziote. Mngekubali?

Chuma_Tanga: Steroidi? Bibi wa watu akanyanyue vyuma?

Nesi_Minnesota: Si hizo za jimu, kaka. Hii inatokana na projesteroni, homoni ya kike, mjamzito anayo tele. Marekani waliiidhinisha 2019 kwa wazazi wenye sonona baada ya kujifungua: ilikuwa dripu ya saa 60, kama dola 34,000 wakati ule. Kwa dimensia bado ni majaribio. Panya walioteshwa seli 2010 na kumbukumbu ikarudi, lakini panya wameshaponywa Alzheimer mara ngapi jamani?

Mwanamvua: Na kama ubongo wa mtu mzima unaota seli, wenyewe hawajapatana. 2018 hiyohiyo, maabara moja haikuona hata moja kwa watu wazima, nyingine ikaziona hadi kwa wenye miaka 79.

Chuma_Tanga: Mnajichosha. Pangani wazee hawaugui haya. Nyinyi mnamfungia bibi ghorofani na dada wa kazi, hana wa kupiga naye soga, halafu mnaulizia Arizona.

Kibubu: Dada wa kazi yupi? Mke wangu ameacha duka. Siku akiwa hayupo namwogesha mimi.

Mzee_Kanzu: Unamwogesha mkweo?! Majirani wanawake wamekwisha?

Kibubu: Mzee wangu, saa nane usiku amejichafua, nigonge mlango wa nani? Nilimwacha na khanga yake mwilini, nikageuza uso. Akasema, "Salimu, maji ya moto." Nikayapooza.

Mzee_Kanzu: Hata hivyo. Mkwe ni mkwe.

Nesi_Minnesota: Shikamoo mzee. Mimi huku naogesha babu sita kila zamu, nao si wa kwetu. Nimekosa?

Mwanamvua: Chuma, yule bibi yako wa Pangani uliyetusimulia, aliyekimbiza wajukuu na mwiko akidai wamemwibia, mkasema ana majini. Leo ungesemaje?

Chuma_Tanga: Bibi yangu usimlete hapa.