Umeme umekatika, MySQL haiwaki: nirudishe bakapu au nitengeneze kwanza?

Mtu_wa_Ngamiani
Habari za mchana wakuu. Duka la vipuri, Ngamiani hapa Tanga. Kompyuta ni moja, Windows 10, programu ya mauzo na stoo inatumia XAMPP, kifurushi kinachokuja na MySQL, yaani kanzidata inayohifadhi data zetu zote. Umeme umekatika saa 7:40 na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) hakuna. Uliporudi, MySQL inawaka sekunde mbili inazima: "MySQL shutdown unexpectedly". Bakapu ipo kwenye flashi, faili la .sql la jana saa 3 usiku, MB 46. Tangu asubuhi zimetoka risiti kama 130. Bosi anataka nirudishe sasa hivi, wateja wamesimama. Nimeona pia folda ya C:\xampp\mysql\backup. Niinakili juu ya data?

Fundi_Kanzidata
Usiinakili. Jina la hiyo folda linadanganya: si bakapu yako, ni data tupu iliyokuja na XAMPP siku ya kusakinisha. Ukiimwaga yote juu ya data, ibdata1 yako (faili kuu la InnoDB, injini inayotunza majedwali ya mauzo) inafutwa na ibdata1 tupu, na kila jedwali la InnoDB litakujibu kosa 1932, "doesn't exist in engine". Majina ya majedwali utayaona, ndani huingii.

Kabla ya lolote, hakikisha MySQL imezima, kisha nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data kwenye diski nyingine. Nzima, pamoja na ib_logfile0, faili ambamo InnoDB huandika mabadiliko kwanza. Kuna watu hulifuta faili hilo wakidhani ni kumbukumbu za makosa tu. Umeme ukikatika, mauzo ya dakika za mwisho huenda yamo humo, hayajafika kwenye majedwali. Kwa kawaida InnoDB huyasoma yenyewe inapowaka na kujirekebisha, ndiyo maana umeme kukatika peke yake si sababu ya kurudisha bakapu.

Baada ya hapo fungua data\mysql_error.log, soma mistari 30 ya mwisho:

Ikisema "Bind on TCP/IP port", data yako ni salama. Programu nyingine imekalia 3306, mlango (port) wa MySQL.

Ikitaja "aria" (injini ya majedwali ya mfumo) au jedwali la ndani ya folda ya mysql, kwa kawaida kilichoharibika ni majedwali ya mfumo, mauzo hayajaguswa.

Ikitaja InnoDB na "corruption", hapo ndipo pa kufikiria bakapu. Jaribu kwanza innodb_force_recovery=1, mpangilio wa kuilazimisha iwake, kwenye faili la mipangilio my.ini, chini ya [mysqld]. Ikigoma weka 2, kisha 3. Ikiwaka, toa data kwenye faili la .sql kwa mysqldump na usiuze chochote katika hali hiyo. Usivuke 3: kuanzia 4 unaweza kuharibu mafaili moja kwa moja. Ikigoma kwenye 3, acha ukarabati, rudisha.

bahari_na_bandari
Naongeza la diski. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, tazama namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu. C5 ikizidi sifuri, kuna sehemu za diski hazisomeki, na kurudisha bakapu juu ya diski hiyo ni kupanda mbegu juu ya mwamba. Badili diski kwanza.

Bi_Hesabu
Mimi ningepima kwa saa, kaka. Risiti 130, dakika moja kila moja kuziingiza upya, ni saa mbili na kidogo. Basi fundi apewe saa moja na nusu tu, zikipita rudisheni. Ingekuwa bakapu ya wiki iliyopita, ningesema tengenezeni mpaka kesho. Wakati huo uzeni kwa daftari, na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zisikae kwenye dashibodi ya gari: karatasi ile ikipigwa joto inakuwa nyeusi. Kuingiza mauzo hakutoshi, angalieni na mizigo iliyopokelewa leo asubuhi, maana haina risiti ya EFD.

Fundi_Kanzidata
Bi Hesabu amesema kweli. Na bakapu yenyewe ikaguliwe sasa, kwenye laptopu nyingine. Mstari wa mwisho wa faili uwe "-- Dump completed". Usipokuwepo, faili limekatika njiani. Tazama na mistari ya juu: ukikuta USE pamoja na jina la kanzidata, hata ukiagiza iingie kwenye kanzidata ya majaribio, tuseme duka_jaribio, itaingia kwenye ile ya jina hilo, ikifuta iliyopo. Kuingiza faili tumia cmd (dirisha la amri la Windows), PowerShell haikubali alama ya <.

Mtu_wa_Ngamiani
Nimenakili data, GB 1.2. Logi inasema: "Can't open and lock privilege tables", halafu inataja 'db' kuwa corrupt. C5 ni sifuri. Bakapu ina mstari wa mwisho.

Fundi_Kanzidata
Jedwali la ruhusa, basi. Usirudishe kitu. Kwenye cmd:

cd C:\xampp\mysql\data
..\bin\aria_chk -r mysql\db

Hiyo inakarabati jedwali la db. Kisha washa MySQL. Ikitaja jedwali jingine la mysql, rudia kwa jina hilo. Ikishawaka, endesha CHECK TABLE (amri ya kukagua jedwali) kwa mauzo na stoo, linganisha risiti ya mwisho ya EFD na ya mwisho kwenye programu, kisha toa bakapu mpya kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa. Faili la jana lisifutwe wiki hii.

Mtu_wa_Ngamiani
Imewaka. Risiti ya mwisho ya 7:38 ipo. Natoa bakapu sasa.

bahari_na_bandari
Na UPS, mkuu. VA 650 inatosha kuzima kompyuta moja kwa utaratibu. Printa usiichomeke humo.