Tupeane uzoefu: kufunga injini ya kisasa kwenye pikapu ya zamani

Mwanzilishi, Kahawa West

Ndugu zangu, hamjambo. Nawaomba wale waliokwisha kuondoa injini ya zamani kwenye pikapu na kufunga ya kisasa watueleze yaliyowakuta, hasa kuhusu vitu vinavyoizunguka injini, kwa maana mimi nimeona kwamba injini yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Nitaanza na yangu.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1993, iliyokuwa na injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, cc 2,779, isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini. Kwa miaka mingi imenibebea viazi na vitunguu kutoka Narok hadi soko la Wakulima, na kila safari nilipanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ya pili huku malori yakinipita. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ule mwinuko unakupeleka juu zaidi ya hapo. Hewa inapokuwa nyepesi, injini inayovuta hewa yenyewe huishiwa nguvu, ilhali yenye tabo hushindiliwa hewa na haisumbuki sana. Ndiyo sababu nilichagua 1KZ-TE, dizeli ya Toyota yenye tabo, cc 2,982, iliyotolewa kwenye Toyota Hilux Surf kutoka Japani, nikainunua Kirinyaga Road pamoja na giaboksi yake, kompyuta yake na waya zake.

Shida ya kwanza ilikuwa sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Surf ina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, na sampu yake ilitengenezwa kwa umbo la gari hilo, ilhali LN106 ina eksili nzima mbele ambayo hupanda na kushuka pamoja na springi. Tulipoishusha injini mahali pake ilikaa vizuri, lakini fundi alipoinua eksili kwa jeki, kama vile gari limeingia shimoni, chuma kiligusa chuma. Alikata sampu, akaichomelea upya kwa umbo jingine, kisha akaitia mafuta ya taa na kuiacha juu ya gazeti usiku kucha, kwa sababu mafuta ya taa hupenya tundu ambalo maji hayawezi kupenya. Asubuhi tulikuta doa moja dogo, akalichomelea, akarudia jaribio lile lile.

Jambo la pili ni redieta. Hedi ya 1KZ, yaani sehemu ya juu ya injini, ni ya alumini na hupasuka ikichemshwa, kwa hiyo yeyote anayefunga injini hii na kubaki na redieta ya zamani ya 3L anajitafutia hasara. Nilinunua redieta nene zaidi pamoja na kifuniko chake cha feni, na sasa napanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ya tatu bila mshale wa joto kusogea. Kinachonisumbua mpaka leo ni taa ya onyo ya injini kwenye dashibodi, ambayo huwaka na kuzimika ninapopita barabara mbovu, na kila fundi ana jibu lake.

Mchangiaji, Dagoretti Corner

Mzee wetu alituachia Peugeot 504 pikapu ya petroli, na kwa heshima yake hatukutaka kuiuza. Tuliifunga injini ya dizeli ya Toyota 5L, ambayo wengi wenu hamtaiita ya kisasa, lakini kwa gari lile ilikuwa kizazi kipya.

Nataka niseme jambo moja tu, kwa sababu nusura linigharimu maisha. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia bomba lililobanwa na pedeli ya mafuta, na ule mvuto ndio unaosaidia mguu wako kukanyaga breki. Injini ya dizeli ya namna hii haina mvuto huo, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta, ile mashine inayochaji betri. Altaneta yetu ilinunuliwa kando, ikaja bila pampu, na fundi akaziba tu lile bomba la breki kwa bolti. Uani gari lilisimama vizuri kwa sababu lilikwenda polepole. Nilipoteremka Kangemi nikielekea Westlands, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama hatua chache nyuma ya matatu iliyokuwa ikishusha abiria. Mikono ilinitetemeka kiasi cha kushindwa kugeuza ufunguo. Kabla hujalichukua gari kwa fundi, washa injini, kanyaga breki mara tano, na usikilize mguu wako.

Mchangiaji, Kariobangi Light Industries

Mimi ni mama wa watoto wawili na ni fundi wa umeme wa magari. Pikapu nyingi zinazoletwa kwangu zimeshafungwa injini na mafundi wengine, na mwenye gari anaambiwa kwamba imebaki waya tu. Waya ndiyo kazi.

Tuseme umenunua 1KD-FTV, ile dizeli ya D-4D inayotumia reli ya pamoja ya mafuta yenye shinikizo la zaidi ya bar 1,000. Injini hiyo haiwaki kwa kupelekewa dizeli na moto wa betri, kama ilivyokuwa 3L. Inahitaji kompyuta yake mwenyewe, kile kisanduku cha pembeni kinachoendesha nozo (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini), pedeli ya mafuta yenye kihisi, na ufunguo wa gari ilikotoka pamoja na kifaa kinachoutambua, la sivyo kompyuta itakataa kuiwasha. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea injini safi kabisa ambayo muuzaji alikuwa amezikata waya zote kwa msumeno, vidole vinne kutoka kwenye soketi. Niliunganisha waya mmoja mmoja kwa solda kwa siku sita, na gharama yake ingetosha kununua seti nzima ya waya. Mkinunua, ombeni sehemu ya mbele ya gari ikatwe nzima pamoja na injini yake, au angalau simameni pale waya zikifunguliwa kwa mkono.

Kuna ushauri mwingine kwa wenye 1KD ambao si wa umeme, lakini nimeshuhudia injini zikifa kwa sababu hiyo. Washa za shaba, yaani zile pete nyembamba zilizo chini ya nozo, huchoka na kuvujisha moshi wa mwako kuingia kwenye oili; oili inakuwa kama lami, inaziba chujio la ndani ya sampu, na injini inakosa oili huku wewe ukiwa barabarani. Fungueni sampu mkaangalie chujio, mkabadilishe washa hizo injini ikiwa bado iko chini, maana ikishaingia kwenye pikapu kazi inaongezeka mara tatu.

Mzee wa Kahawa West, kuhusu taa yako, usibadilishe kihisi chochote kwanza. Chukua mita ya kupimia volti, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini palipo safi, kisha mtu azungushe stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wako wa ardhi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, ni mbovu.

Mchangiaji, Utawala

Nyongeza fupi kuhusu karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo ukibadilisha injini ni lazima uijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia akaunti yako ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na upeleke gari likakaguliwe. Hapa Nairobi ukaguzi hufanyika Likoni Road, Industrial Area. Mimi nilipuuza kwa miaka miwili. Nilipotaka kuuza, mnunuzi alilala chini ya gari na tochi, akasoma namba, akanyanyuka na kuondoka bila kubishana. Risiti ya injini nilikuwa nimeshaipoteza, na muuzaji alikuwa amehama. Ipigeni picha risiti siku ile ile.

Mwanzilishi, Kahawa West

Dada wa Kariobangi, Mungu akubariki. Leo asubuhi kijana wangu amezungusha stata nami nikashika mita: volti moja na nukta mbili. Tumefuata waya wa ardhi hadi kwenye chasisi, tukakuta bolti yake imekazwa juu ya rangi, na chini yake kuna kutu ya kahawia. Tumekwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaufunga tena, na mita sasa inasoma sifuri nukta mbili. Kesho naelekea Narok, na kipande cha barabara mbovu ninakijua.