Mada: Kuanza kuendesha baiskeli ukubwani, huku ugenini

Mama Nuru aliandika:

Ndugu zangu, habari za siku. Namshukuru Mungu nimeshatulia, kazi ipo, watoto wameanza shule, na sasa mwili umeanza kunidai. Nakaa kwenye kiti kutwa nzima. Wikiendi nikichungulia dirishani naona majirani wanatoka na baiskeli, wazee kwa vijana, nami natamani. Sitaki mashindano, wala sitaki kwenda nayo kazini. Nataka afya, na nataka kuijua nchi ninayoishi zaidi ya njia ya basi.

Nikiingia dukani naona baiskeli za kila namna na sijui nishike ipi. Halafu kuna hizi programu za simu za kurekodi safari, kila mtu anazitaja. Ni za lazima? Na niseme kabisa: utotoni niliendesha kidogo sana, na balansi sina uhakika nayo. Najua humu tumetawanyika nchi nyingi, lakini naamini mtanisaidia.

Baba Tatu alijibu:

Mama Nuru, salama, na karibu sana. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na kwa sababu naona wenzetu wengi wananunua baiskeli isiyowafaa, na haipiti miezi miwili imeshasukumwa stoo.

Kwa ulichoeleza, tafuta baiskeli ya katikati, ile wauzaji wengi huiita haibridi. Usukani wake umenyooka, unakaa wima kiasi, tairi zina upana wa milimita 35 hadi 45 hivi, na fremu ina matundu ya kufungia karia na madigadi. Baiskeli ya mbio itakuinamisha mpaka shingo ilalamike, na tairi zake nyembamba zinaonyesha kila shimo. Ya milimani ina springi nzito na tairi za meno ambazo kwenye lami zinakula nguvu zako bure. Kama mna milima mikali, au magoti yana historia, usiidharau ya umeme. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ile ya kawaida inakusaidia tu unapokanyaga, na mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Bado unafanya mazoezi, ila mlima haukukatishi tamaa.

Kuliko aina, angalia kimo. Hapa ndipo pesa ya mtu inapopotea au kupona. Baiskeli ya kawaida inayokukaa vizuri ni bora mara nyingi kuliko ya gharama isiyo kimo chako. Simama ukiwa umeipanua miguu juu ya fremu: lazima pabaki nafasi kati yako na bomba la juu. Kisha panda, shikilia ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litakunjika kidogo, na huo ndio urefu sahihi wa kiti wa kuanzia. Waanzaji wengi hushusha kiti sana ili miguu yote miwili iguse chini wakisimama. Wanajiona salama, lakini magoti ndiyo yanayolipa. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, mara nyingi kiko juu mno. Vidole vikifa ganzi, umeegemea mikono kupita kiasi: angalia kama kiti kimeinama mbele, au usukani uko mbali na wewe.

Na tumia gia nyepesi. Miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Ukihisi unakanyaga kama unapanda ngazi, punguza gia kabla mlima haujakubana.

Ukinunua iliyotumika, na mimi nashauri hivyo kwa mara ya kwanza, igeuze uisome namba ya fremu. Mara nyingi imegongwa chini, pale pedali zinapokutana na fremu. Ikiwa imekwanguliwa, achana nayo hata kama bei ni tamu. Kwa mgeni, kukutwa na mali ya wizi ni balaa. Nyanyua kila gurudumu ulizungushe uone kama linayumba, kagua nyufa kwenye viungo vya fremu, bana breki ya mbele usukume mbele nyuma usikie kama kuna kitu kinacheza. Ukishainunua, piga picha baiskeli na ile namba. Kufuli liwe la chuma kigumu, lipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma, na lifungwe kwenye kitu kisichong'oka.

Sasa jambo linalotuhusu sisi tuliohama. Wengi wetu tumekulia nchi ambazo magari hupita kushoto. Aliyeko Uingereza au Australia amebaki kushoto. Aliyeko Ujerumani, Uholanzi au Marekani amehamia kulia. Kwenye barabara yenye magari hutakosea, kwa kuwa unayafuata. Hatari ni pale unapotoka kwenye kijia kitupu, alfajiri, hakuna gari la kukuonyesha, na mwili unachagua upande uliouzoea tangu utoto. Mpaka uzoee, kila unapoingia barabarani jitamkie upande wako kwa sauti.

Breki nazo zinabadilika, na hili halisemwi. Uingereza na Australia, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara iko mkono wa kushoto. Ukiibana ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye mteremko, inaweza kukurusha juu ya usukani. Kwa hiyo baiskeli yoyote mpya, hata ya kuazima, isukume kwanza ukiwa chini, bana mkono mmoja mmoja, uone gurudumu lipi linasimama.

Mengine ya barabarani kwa ufupi: kaa mbali na magari yaliyoegeshwa kiasi cha mlango kufunguka bila kukufikia. Usijipenyeze kando ya lori linalosubiri kukunja kona, dereva hakuoni. Reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani, zikate kwa pembe mraba, ukizikata kwa mshazari tairi inazama humo. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Kofia ngumu, Australia na New Zealand sheria inawadai hata watu wazima. Kwingineko mara nyingi ni hiari yako, lakini mimi naomba uvae.

Bi Zuhura aliandika:

Baba Tatu kamaliza mengi, mimi nataka kumjibu Mama Nuru kuhusu balansi, maana wanawake wengi huniuliza hili pembeni, kwa sauti ya chini. Hakuna cha kuonea haya. Mtu mzima anajifunza, tena anajifunza vizuri.

Mwambie fundi akutolee pedali zote mbili. Ukitoa mwenyewe, kumbuka ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafunguka kwa kuzungushia upande ambao pedali ya kulia inafungwa. Shusha kiti mpaka nyayo zikanyage chini zote, utafute uwanja mpana wenye lami na mteremko mdogo sana, kisha jisukume kwa miguu kama mtoto. Tazama mbali, usitazame gurudumu. Baiskeli ikiinama kushoto, pindisha usukani kushoto kidogo, itajiinua yenyewe. Siku utakayoweza kunyanyua miguu na kuteleza umbali mzuri huku ukikunja kona, balansi umeipata. Rudisha pedali, halafu ndipo upandishe kiti kidogo kidogo kuelekea ule urefu aliousema Baba Tatu.

Usikubali mtu akushikilie kiti kwa nyuma huku anakimbia. Anakunyima hisia ile ile unayotakiwa kujifunza.

Kabla hujaingia barabarani, hakikisha unaweza kutoa mkono mmoja kuonyesha unakoelekea, na kugeuza shingo kuangalia nyuma bila baiskeli kuyumba. Mtu asiyeweza hayo mawili bado ni wa uwanjani. Na kama unavaa nguo ndefu, chagua baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo na kinga ya nguo kwenye gurudumu la nyuma. Nguo ikiingia kwenye njiti (spoki) inakuangusha papo hapo. Miji mingi ina mafunzo ya watu wazima, mengine bure. Ulizia manispaa au maktaba ya mtaa.

Idi aliandika:

Shikamooni wakubwa. Naomba niongezee upande wa njia na programu, ndio ninaoufuatilia.

Mama Nuru, njia kwanza. Tafuta reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za baiskeli, zipo Marekani, Uingereza, Hispania na kwingineko. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia yake ilichongwa iwe na mwinuko wa taratibu, na hilo ni zawadi kwa anayeanza. Kando ya mifereji na mito mikubwa ni vivyo hivyo. Aliyeko Ubelgiji au Uholanzi ana bahati zaidi: kila makutano ya njia za baiskeli yana namba, unaandika namba zako kwenye kikaratasi na kuzifuata moja baada ya nyingine, huhitaji simu kabisa. Mpango huo ulianzia mkoa wa Limburg, Ubelgiji, mwaka 1995, ukabuniwa na mhandisi wa migodi, Hugo Bollen. Ulaya kote kuna pia EuroVelo, njia ndefu zinazovuka mipaka. Namba 6 inatoka bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Huhitaji kuimaliza. Chukua kipande kinachopita karibu nawe, uende asubuhi na kurudi mchana.

Siku ya upepo, anza kwa kwenda kinyume nao. Ukirudi umechoka, unakusukuma.

Programu si lazima, ila zinasaidia ukijua ipi inafanya nini. Komoot na Ride with GPS ni za kupanga njia. Zinakuonyesha mwinuko kabla hujatoka, na Komoot inakueleza wapi ni lami na wapi ni changarawe. Hilo la aina ya barabara lina maana kubwa kuliko umbali. Kilomita 20 za lami na kilomita 20 za mchanga ni safari mbili tofauti. OsmAnd na Organic Maps zinakupa ramani unazohifadhi kwenye simu, zinafanya kazi hata mtandao ukikatika. Hizi, pamoja na Komoot, hutumia data za OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Kijia kikikosekana mtaani kwako, unaweza kukiongeza mwenyewe. Zote zinaelewa faili za GPX, yaani faili zinazobeba mchoro wa njia, kwa hiyo njia aliyochora rafiki yako unaweza kuipokea na kuifuata.

Strava, iliyoanza mwaka 2009, ni ya kurekodi na kushiriki na wenzako. Ina uzuri wake: unaona jirani kapita njia gani, mnatiana moyo. Lakini kila kipande cha barabara kina orodha ya waliokipita haraka zaidi, na anayeanza akiitazama sana atasahau kilichomtoa nyumbani. Nashauri miezi ya mwanzo urekodi kwa faragha, uangalie muda uliokaa kwenye kiti na wala si mwendo kasi.

Kuhusu faragha sitanii. Safari zako nyingi huanza na kuishia mlangoni kwako, na ramani iliyo wazi inamwambia mtu yeyote unapokaa, unatoka saa ngapi na baiskeli inalala wapi. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia ya Strava, iliyojumlisha safari za watumiaji wake, ilikuwa inaonyesha hata kambi za kijeshi. Kabla ya safari ya kwanza, ingia kwenye mipangilio, ficha eneo linalozunguka nyumba na shule ya watoto, na uweke safari zionekane na unaowajua tu.

Mama Nuru aliandika:

Sijui niwashukuruje. Nimeshaongea na fundi kuhusu pedali. Swali la mwisho: pancha. Nikiwa mbali peke yangu nafanya nini?

Baba Tatu alijibu:

Beba tyubu moja ya akiba, vijiti viwili vya plastiki vya kung'olea tairi, na pampu ndogo. Viraka utabandika nyumbani kwa utulivu. Njiani badilisha tyubu. Kabla ya kuweka mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi yote, kwa sababu mwiba au kigae kilichokutoboa mara nyingi bado kimo, na kitatoboa tena. Jifunze sebuleni kwanza, uanze na gurudumu la nyuma ambalo ndilo gumu kwa ajili ya mnyororo.

Ukienda kununua tyubu, usitegemee kumbukumbu. Soma ubavuni mwa tairi utaona namba kama 37-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu, na zinafanana dunia nzima. Pigia picha hiyo namba, na uipige picha valvu pia, maana kuna nyembamba ya Presta, nene kama ya gari, na ya zamani ya Dunlop, na pampu moja haiingii zote bila kiunganishi. Upepo wa kujaza umeandikwa hapo hapo ubavuni, kima cha chini na cha juu. Kwa njia za changarawe kaa karibu na cha chini.

Ukiwa tayari kwa safari ya kwanza ya njiani, andika humu uko mji gani. Huenda mmoja wetu yuko karibu akakusindikiza.