Mnaosimulia manga ya Robert Johnson kama historia, mnatuchosha

Wakuu, hili la kuchukua manga (katuni ya Kijapani) ya Akira Hiramoto kuhusu Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, kuitafsiri nusunusu, kisha kuibandika kichwa cha "Historia ya kweli ya Robert Johnson", likome. Manga yenyewe haina kosa. Ni hekaya iliyochorwa upya, na mchoraji ana haki ya kumpandisha Robert gari moja na jambazi Clyde Barrow akipenda. Tatizo ni ninyi mnaoileta kama ushahidi. Hakuna kumbukumbu yoyote ya wawili hao kukutana! Clyde aliuawa kwa risasi Louisiana Mei 1934. Robert alirekodi kwa mara ya kwanza Novemba 1936, tena kwenye chumba cha hoteli San Antonio, akamalizia Dallas Juni 1937. Jumla nyimbo 29. Agosti 1938 akafa, ana miaka 27.

Sasa hiyo njia panda yenu, eti ndipo Robert alipomuuzia shetani roho ili ajue gitaa. Mwenye kisa ni mwanablues Tommy Johnson, Johnson mwingine kabisa, wala hawakuwa ndugu, aliyerekodi mwaka 1928. Aliyekisimulia ni LeDell, ndugu wa Tommy. Na mngekisoma mkatulia mngeona: mtu mweusi mkubwa anakuja usiku wa manane, anachukua gitaa lako, analityuni, anapiga kipande, anakurudishia. Analityuni, wakuu. Siri iko hapo, na haigharimu roho ya mtu.

Shika gitaa lenye tyuni ya kawaida, E A D G B E. Legeza uzi wa 6 (ule mnene zaidi), wa 5 na wa 1, kila mmoja toni nzima. Sasa una D G D G B D: ukizipiga nyuzi zote bila kugusa freti (visehemu vya shingo ya gitaa vinavyotengwa na waya), kodi (chord, yaani noti zinazolia pamoja) ya G inalia yenyewe. Wengi huharibu wakitaka A, maana hukaza uzi wa 4, wa 3 na wa 2, na kwenye nyuzi zilizochoka mmoja unakukatikia usoni. Baki na G, funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 2, A hiyo hapo. Kisha vaa kidoleni shingo ya chupa iliyokatwa, ya kutelezesha juu ya nyuzi. Iweke juu ya waya wa freti wenyewe, si nyuma yake kama unavyoweka kidole, na usikandamize. Ukikandamiza, uzi unagonga freti na sauti inakwaruza. Gumba liendeshe besi bila kusimama, vidole vingine vijibu kwenye nyuzi nyembamba. Asiyekuona ataapa mko wawili.

Na Robert alifundishwa. Mwalimu alikuwa Ike Zimmerman wa Beauregard, Mississippi. Walifanya mazoezi makaburini usiku, mahali ambapo hakuna jirani wa kulalamikia kelele. Mwanablues Son House, aliyemjua Robert alipokuwa anawakera watu kwa gitaa, alishangaa Robert aliporudi akiwa fundi. Mnamsifu shetani, jasho la Ike mnalifuta.

Halafu wewe unayegeuza kurasa za manga kama kioo ili zisomeke kutoka kushoto badala ya kulia: umemfanya Robert apige kwa mkono wa kushoto, wakati picha zake halisi zinaonyesha mkono wa kushoto ndio uko kwenye shingo ya gitaa. Hata usukani wa magari ya Marekani umehamia kulia, na kwa kuwa Bongo ndivyo yalivyo, hakuna aliyeshtuka.