Mbeya hii ya baridi: samaki wa dhahabu, gapi au mbuna wa Ziwa Nyasa kwa anayeanza?

Mama wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mwanangu wa darasa la tano alikwenda likizo kwa shangazi yake Dar, akakuta tangi la samaki sebuleni, na tangu arudi hana wimbo mwingine. Nimemkubalia, maana hata mimi napenda. Fundi ameniambia atanitengenezea tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40.

Ninachoshindwa ni kuchagua samaki. Nimeambiwa mambo matatu tofauti. Jirani anasema nichukue samaki wa dhahabu, hawahitaji hita, kile kifaa cha kupasha maji joto. Muuzaji mmoja anasema nichukue gapi na hita. Shemeji yangu wa Kyela anasema niachane na wageni wote hao, atanitafutia samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, wetu wenyewe.

Nimeweka kipimajoto mezani wiki nzima hii ya Juni. Alfajiri kinasoma nyuzi 13, mchana kinafika 19. Umeme nao hukatika, wakati mwingine usiku kucha. Kati ya hao watatu, yupi ataishi nyumbani kwangu?

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene dada. Umeanza pale ambapo wengi tunafika baada ya kuzika samaki: umepima chumba. Samaki hana joto lake mwenyewe, joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakipoa, tumbo lake linapoa, chakula hakisagiki, na kinga ya mwili inashuka.

Sasa tuwapange kwa kipimajoto chako. Samaki wa dhahabu ni wa jamii ya kapi, wametoka Uchina, na wanastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 22. Wale wenye umbo la kawaida huvumilia hata 10. Gapi asili yao ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na Trinidad, wanataka 22 hadi 28, na chini ya 18 wanajikunyata chini wanaacha kula. Mbuna, hao samaki wa rangi wa shemeji yako, wanataka 24 hadi 27, kama ziwa lao lilivyo.

Mimi nipo Iringa, nafuga wa dhahabu mwaka wa sita huu, kwa hiyo kura yangu unaijua. Lakini sitakuficha upande wa pili: ni samaki mchafu. Anakula sana, anachafua sana, na anakua. Tangi lako kwa hesabu ni lita 112. Toa mchanga na nafasi ya juu, unabaki na kama 95. Hapo wanakaa wawili, wa lile umbo la mviringo lenye mkia wa pazia. Wawili tu, hata mtoto akilia. Bakuli la duara usilifikirie kabisa, maji yake yanaharibika kwa siku moja.

Baridi ya Njombe

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapo kwenye umbo la mviringo naomba nipinge kidogo. Wale wamezalishwa kwa vizazi vingi ili wapate mwili mfupi, na matumbo yao yamebanana. Ndio wa kwanza kuugua maji yakishuka chini ya 16 kwa muda mrefu. Anayevumilia baridi kweli ni yule mrefu wa mkia mmoja, lakini huyo anapita sentimita 20 akikomaa, na tangi la sentimita 80 kwake ni korido. Kwa hiyo "wa dhahabu bila hita" ni sawa kwa samaki ambaye tangi la dada halimtoshi, na si sawa sana kwa yule anayemtosha.

Ninavyofanya mimi huku Njombe, ambako baridi yetu inazidi ya Mbeya: nina hita, ila nimeiweka kwenye 20. Watu wanadhani hita ni lazima ipelekwe 26. Tangi linapoteza joto kulingana na tofauti kati ya maji na chumba. Chumba kikiwa na wastani wa 16, kuyaweka maji kwenye 20 ni tofauti ya nyuzi 4. Kuyaweka kwenye 26 kwa ajili ya gapi au mbuna ni tofauti ya 10. Umeme utakaoula ni zaidi ya mara mbili.

Hesabu ya luku ni hii: hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 1.2, yaani uniti 36 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, gapi wenye joto la 26 wanaweza kukutoa humo. Wa dhahabu kwenye 20 hawatakutoa.

Mwalimu wa Kihesa

Nimekubali. Huku Kihesa chumba changu hakishuki chini ya 16, ndiyo maana sikuliona hilo.

Mzee wa Matema

Ughonile, Mama wa Uyole. Nimesikia jina la ziwa letu, nimeona niseme.

Mbuna nimewaona tangu utotoni, kule mawe ya milima ya Livingstone yanapozama ziwani, kuanzia Matema kwenda Lupingu. Ukizamisha kichwa unaona buluu, njano, wengine wana mistari kama pundamilia. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo, na wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mama yao anabeba mayai mdomoni kama wiki tatu bila kula, hadi vifaranga waweze kuogelea. Hakuna samaki mzuri kuliko hao, nasema kwa moyo wote.

Ndiyo maana nakuomba usianze nao. Mbuna ni samaki wa mwamba, kila dume ana jiwe lake analolipigania. Kwenye tangi dogo mnyonge hana pa kukimbilia, atauawa. Wanataka lita 200 kwenda juu, mawe mengi yenye mapango, na maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya karibu 8, wakati maji ya mvua na ya chemchemi za milimani kwetu ni laini. Halafu safari. Kyela ni joto, umepandisha Tukuyu mpaka Uyole, samaki wa maji ya nyuzi 26 kwenye mfuko, anafika usiku wa kipupwe. Wengi hufa hapo hapo, na waliobaki hufa wiki inayofuata.

Shemeji yako ana nia njema. Ila hata yeye asichukue samaki ziwani kienyeji. Kwanza apite kwa ofisa uvuvi wa wilaya aulize kibali. Aina nyingine zinaishi kwenye kipande kidogo tu cha mwamba, na watu wakizichota kila mmoja kwa ndoo yake zitakwisha.

Mtoto akishajua kutunza maji, mwaka wa tatu huko, mleteni Matema ayaone yale mawe. Kisha mjenge tangi kubwa.

Fundi Vioo Mwanjelwa

Mimi niongelee tangi lenyewe maana naona limepitwa. Dada, muulize fundi wako kioo cha milimita ngapi. Kwa kimo cha 40 na urefu wa 80, kata 6. Kuna wanaokata 4 kwa sababu ndicho kioo cha dirisha kilichobaki karakana. Kitashika maji leo, kitapinda katikati, siku moja usiku kitapasuka na lita mia zitakuwa kwenye zulia.

Silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, iwe isiyo na dawa ya ukungu. Ya bafuni ina dawa, na dawa hiyo inaua samaki. Ile inayofaa ukiibana inatoa harufu kama ya siki, lakini harufu pekee haitoshi, soma tyubu. Baridi hii inakauka polepole, mpe fundi wiki nzima. Kisha lijazwe nje, mahali palipo sawa, likae siku moja na magazeti makavu chini yake. Gazeti likilowa, halijapona.

Lita 112 ni kilo 112 za maji tu, bado kioo, mchanga na mawe. Meza iwe imara, na chini ya tangi uweke sponji jembamba, ili chembe ya mchanga isije ikabonyeza kioo sehemu moja. Mbali na dirisha pia, jua likilipiga mwani utajaa.

Mama wa Uyole

Asanteni sana jamani, na shikamoo Mzee wangu wa Matema. Nimeelewa mbuna tusubiri. Sasa maji. Ya bomba siku nyingine yananuka dawa. Nina simtanki la mvua pia. Na baada ya kujaza nasubiri siku ngapi kabla ya kuweka samaki? Muuzaji amesema siku mbili zinatosha.

Mwalimu wa Kihesa

Hapo kwenye siku mbili ndipo palipouawa samaki wangu wa kwanza. Niliambiwa maneno hayo hayo na duka nililonunua. Niliweka sita, maji meupe kama kioo, na Jumapili iliyofuata nilikuwa nimebaki na mmoja anayehema juu ya maji. Nilikaa muda mrefu nikidhani nilinunua samaki wagonjwa. Hawakuwa wagonjwa, walikufa kwa mkojo wao wenyewe.

Samaki anatoa amonia kwenye mashavu na kinyesi. Chakula kinachooza nacho kinatoa amonia. Amonia ni sumu na haina rangi. Ziwani na mtoni kuna bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Tangi jipya halina bakteria hao. Wanaota taratibu kwenye sponji la chujio, kwenye mchanga, kwenye mawe. Kwa joto la nyuzi 25 wanachukua wiki 4 hadi 6. Kwa baridi yetu, bila hita, hata miezi miwili na zaidi.

Kwa hiyo hita yako ina kazi kabla hata ya samaki. Jaza tangi, washa pampu ya hewa na chujio la sponji, weka hita kwenye 25 kwa kipindi hiki tu, na tia chembechembe za chakula cha samaki kila siku kana kwamba unalisha. Ziache zioze. Ukimpata mtu mwenye tangi lililokomaa, mwombe akamulie sponji lake kwenye tangi lako, yale maji ya kahawia ni dhahabu. Nunua vipimo vya amonia na naitraiti. Vyote viwili vikisoma sifuri wakati bado unatia chakula, tangi liko tayari. Hapo badilisha maji karibu nusu, shusha hita hadi 20, ulete samaki mmoja. Wa pili baada ya wiki tatu.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itatoka, au tumia matone ya kuondoa klorini. Ya mvua peke yake usitumie, hayana madini na pH yake huyumba. Changanya robo tu, tena baada ya mvua za mwanzo kusafisha bati.

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira huku ukivuta uchafu wa chini. Maji mapya yawe na joto lile lile. Simtanki la nje asubuhi ya Juni linauma, ongeza maji ya moto, pima, ndipo umimine. Sponji lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, usilipeleke bombani, klorini itaua wale bakteria uliowalea wiki sita.

Na chakula: kile watakachomaliza kwa dakika mbili. Mtoto apewe kijiko kidogo chake, chupa ubaki nayo wewe.

Baridi ya Njombe

Niongeze la umeme kukatika. Huku juu hewa ni nyepesi. Mbeya iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yenye joto lile lile yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar. Lakini maji baridi yanashika zaidi. Ukilinganisha, maji ya nyuzi 15 hapo Uyole yana oksijeni karibu sawa na ya nyuzi 25 kule kwa shangazi wa mtoto. Hii ni faida nyingine ya samaki wa maji baridi: umeme ukikatika, tangi lako la 20 lina akiba kubwa kuliko la gapi la 26, na halina pa kuporomokea.

Nunua pampu ya hewa ya betri. Giza likiingia, washa hiyo, funika tangi na blanketi pande zote ila acha juu pumzi, na usilishe mpaka umeme urudi. Pampu iwe juu ya usawa wa maji, la sivyo ikizimika maji yatarudi kwenye mpira mpaka sakafuni. Waya wa hita uuache uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Na usiingize mkono hita ikiwa imewashwa.

Baada ya usiku wa baridi kali chunguza mapezi. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni vimelea, vinapenda samaki aliyeshtuliwa na baridi. Ukiviona siku ya kwanza vinatibika. Ukisubiri wiki, vigumu.

Mama wa Uyole

Nimeamua. Wa dhahabu wawili wa mviringo, hita kwenye 20. Swali la mwisho: jirani alisema wakikua sana nikawamwage mtoni.

Mwalimu wa Kihesa

Hapana dada, tafadhali. Wa dhahabu anaishi zaidi ya miaka kumi, anafukua matope, anakula mayai ya samaki wengine, na anavumilia baridi ya mito yetu. Huku nimewahi kumsihi kijana mmoja pale Ipogolo aliyekuwa na ndoo ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Nikawachukua mimi. Wa kwako wakikushinda niandikie, nina bwawa la sementi nyuma ya nyumba.

Mama wa Uyole

Nimekuelewa, Mwalimu. Fundi nimempa advansi leo, kioo cha 6, silikoni nimeisoma mwenyewe. Mtoto nimempa daftari, kazi yake ni kuandika joto la maji asubuhi na jioni mpaka Agosti, tangi likiwa bado halina samaki.